Muulize Mwalimu: Binti yangu ataka kusomea maigizo

Gredi ya 10 ya kwanza kabisa iliingia sekondari pevu Januari 2026, na walioko Gredi ya 9 sasa watakiwa waamue mkondo watakaoufuata. Wengi mwaniuliza juu ya maigizo, kwa kuwa mwajua nilifundisha Kiswahili miaka 31 na karibu muda wote huo nikasimamia kikundi cha maigizo shuleni. Nimechagua barua nne. Ya kwanza nimeipa nafasi kubwa kuliko wenzake kwa sababu ilinikosesha usingizi.

*

Asalaam aleikum Mwalimu,

Mimi ni mama wa watoto wanne, naishi Mkomani hapa Lamu. Binti yangu wa pili yuko Gredi ya 9. Amesema ataka mkondo wa Sanaa na Michezo, na ndani yake asome Sanaa za Maonyesho na Filamu. Babake amekasirika. Asema hakumlea mtoto wa kike ili akacheze mbele za watu. Mimi nami nina hofu zangu mbili: heshima yake, na kazi baada ya shule. Hesabu na sayansi hazimshindi, na mwalimu wake amshauri aende mkondo wa sayansi. Yeye hajibizani nasi, lakini usiku namsikia akilia. Nifanye nini?

Mama wa Mkomani

Waaleikum salaam, mama. Nimeisoma barua yako, nikaiweka, nikaisoma tena baada ya magharibi. Hapo penye kulia usiku ndipo paliponishika.

Nianze na babake, maana ndiye mwenye neno zito nyumbani. Amesema "kucheza". Sisi Waamu twasema kuteza, na neno hilo hilo twalitia kwenye mpira, kwenye karata na kwenye ngoma za harusi, kwa hivyo baba akisikia bintiye aenda shule akateze, ana haki ya kushtuka. Lakini mwambie somo lenyewe lina nini ndani. Kuna kuusoma mchezo na kuuchambua, kuna kuuandika, kuna kuigiza, kuna kuwaongoza wengine waigize, kuna mavazi, jukwaa, mwanga na sauti, na upande wa filamu kuna kushika kamera na kuhariri. Niliwahi kumwona mwanafunzi wangu ameketi sakafuni na mkasi na shuka kuukuu, atengeneza joho la mfalme kuanzia saa nane hadi jua linatua. Kesho yake alipolivaa mwenzake na kupanda ngazi, likamkwaza. Nikamwambia afumue upindo, aanze upya. Alifumua. Hakuna aliyepita pale mlangoni akaita ule mchezo.

Sasa hesabu zenyewe, ili mkikaa kuzungumza mzungumze juu ya jambo mlijualo. Sekondari pevu ni miaka 3, Gredi ya 10 hadi ya 12. Mikondo ni mitatu: ule wa sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati, ule wa Sayansi za Jamii, na huu wa Sanaa na Michezo. Kila mwanafunzi, awe mkondo gani, ana masomo ya lazima: Kiingereza, Kiswahili au Lugha ya Ishara, Hisabati, na mafunzo ya kuhudumia jamii. Juu ya hayo achagua matatu. Kwa hivyo binti yako hataacha Hisabati wala Kiingereza. Atapunguza sayansi, hilo ni kweli, na Hisabati ya mkondo wa sanaa ni nyepesi kuliko ile ya wanaokwenda sayansi. Hapo lazima mumuulize swali moja bila kumtisha: je, moyoni mwako hakuna udaktari, uuguzi wala uhandisi? Maana akichagua sanaa leo, kesho milango hiyo itakuwa migumu kufunguka. Akijibu hakuna, na akijibu vivyo hivyo baada ya wiki mbili, mwaminini. Kuwa na alama nzuri za sayansi si sababu ya kumpeleka mtu kwenye sayansi. Watoto wenye akili huwa na alama nzuri kila mahali.

Jambo la pili ni shule. Mkondo wa sayansi uko katika kila sekondari pevu, ila wa sanaa hauko kila mahali, na shule kuwa nao haimaanishi inafundisha masomo yake yote. Msitie jina la shule kwenye uchaguzi kabla ya kuuliza. Pigeni simu, au nendeni. Ulizeni ni nani afundishaye Sanaa za Maonyesho na Filamu, amesomea nini, na mazoezi hufanyika wapi. Mkijibiwa kwamba mwalimu "atatafutwa", mtafute shule nyingine. Somo hili halisomwi kwa kitabu peke yake, na mtoto aliyeachwa na kitabu atalichukia ndani ya muhula mmoja.

Sasa heshima. Sitaipita juu juu, kwa sababu mimi mwenyewe nimelelewa mji huu huu, na miaka yote niliyosimamia maigizo niliisimamia nikiwa ndani ya buibui langu. Mzungumze na mwalimu mapema, kabla mchezo haujagawiwa: binti yetu avaa hijabu, haguswi na mvulana, hatasema matusi. Mwalimu anayeijua kazi hatashindwa. Tuliwahi kuigiza ndoa iliyoharibika na kurudi, na hakuna mkono uliogusa mkono. Mume aliyekuwa ameondoka kwa hasira aliweka kikapu cha tende mlangoni akarudi nyuma hatua tatu. Mke akakitazama kile kikapu muda mrefu, kisha akakiinua. Basi. Nyuma ya ukumbi kina mama walikuwa wakipangusa machozi kwa ncha za buibui. Na asipotaka kuonekana kabisa, mchezo wahitaji mwandishi, mwongozaji, wa mavazi, wa sauti, wa kushika kitabu gizani na kumkumbusha aliyesahau. Hao wote wasoma somo hilo hilo.

Wala si jambo geni kwa wanawake wa Lamu. Muulize nyanya yake habari za vugo, wanawake wa harusi wamesimama, pembe mkononi, wajibizana kwa nyimbo. Muulize babake kama hakuwahi kusimama Mkunguni, mbele ya ngome, akitazama kirumbizi: vijana wawili na fimbo zao, ngoma na zumari nyuma yao, kila mmoja apiga fimbo ya mwenzake wala si mwili wake, na watazamaji waamini kwamba mtu ataumia. Kule kwenye madarasa ya maigizo mtoto afundishwa kitu hicho hicho, jinsi ya kupigana bila mtu kuumia. (Sisemi zefe la Maulidi ni maigizo, hasha. Lile ni mapenzi ya Mtume. Lakini mtoto aliyekulia mji wenye zefe ajua tangu mdogo maana ya watu wengi kutembea kwa hatua moja na sauti moja, na mtoto wa mahali pengine hufundishwa hilo kwa taabu.)

Mama, nikuambie sasa kile ambacho ningependa babake akisikie zaidi. Watu wadhani mwigizaji hufundishwa kujionyesha. Mimi katika miaka yangu yote sikumfundisha mtoto yeyote kujionyesha, maana kujionyesha wote wanaweza, hata wale wenye haya, ukiwapa kioo. Nilichowafundisha ni kusikiliza.

Nilikuwa na msichana mmoja, hodari wa kuhifadhi. Alipewa nafasi ya mke wa nahodha, na maneno yote aliyaweka kichwani kwa siku mbili. Alikuwa akiketi kwenye jamvi akisuka ukili, na jirani aingia kumpa habari kwamba jahazi halikurudi. Kila siku alisema maneno yake sawasawa, kwa sauti nzuri, na kila siku hakuna aliyemwamini. Kwa nini? Kwa sababu alikuwa ameshaanza kulia kabla jirani hajafungua kinywa. Alijua kinachokuja. Siku moja nikamwita yule jirani pembeni, nikamwambia: leo usiseme maneno ya kitabuni, ingia umwombe chumvi, kaa, zungumza habari za sokoni, kisha ndipo useme. Akaingia. Akaomba chumvi. Msichana wangu akashangaa, akamtazama, akamjibu kwa maneno yake mwenyewe. Vidole vikaendelea kusuka. Na lile neno la jahazi lilipokuja, lilimkuta hajajiandaa. Vidole vikasimama. Chane moja ikateleza ikaanguka kwenye goti, na yeye hakuiokota. Hakulia. Akauliza tu, "Na chumvi hukuitaka?" Sisi tuliokuwa tumesimama pale hatukuweza kusema kitu.

Tangu siku ile alikuwa mtu mwingine, na sisemi jukwaani tu. Wenzake bwenini wakawa wampelekea shida zao, kwa sababu alijua kumwacha mtu amalize neno lake. Nikiulizwa somo hili lina faida gani kwa mtoto wa Kiislamu mwenye adabu, huyo ndiye jibu langu.

Kuhusu kazi nimemjibu kijana wa Malindi hapa chini, usome pamoja na bwanako. Na kabla ya hapo, fanya hivi. Usimwite mtoto mbele ya babake kujitetea. Siku moja baada ya isha, babake akiwa ametulia, mwombe binti amsomee ukurasa mmoja wa mchezo wowote autakao, yeye asome maneno ya mtu mmoja na babake amsomee ya mwenzake. Ukurasa mmoja tu. Kisha uniandikie kilichotokea.

*

Shikamoo Mwalimu,

Mimi ni msichana wa Gredi ya 10, nasoma shule ya bweni Malindi lakini kwetu ni Shela, Lamu. Nachukua Sanaa za Maonyesho na Filamu. Muhula uliopita tuliigiza mchezo tuliouandika wenyewe, nami nilikuwa mama. Mwanangu alipokuwa akiondoka kwa hasira nilimwita, "Ndoo, mwanangu, ndoo!" Kwa Kiamu, lugha yetu ya Lamu, hiyo ni "njoo". Ukumbi wote ukacheka. Wanafunzi wengi ni watu wa bara, walidhani nataka ndoo ya maji. Mwalimu aliniambia Kiamu nikiache nyumbani. Tangu hapo nikisimama jukwaani ulimi wawa mzito na sauti haitoki. Nisaidie.

Mwana wa Shela

Marahaba, mwanangu. Kuchekwa mahali ambapo ulitaka watu walie ni uchungu, na wala usijilaumu ukiwa bado wausikia.

Kwanza, lugha yako. Mwana Kupona alipomwandikia bintiye utendi wake, kiasi cha mwaka 1858, aliuandika kwa lugha ya huku kwetu, na mpaka leo watu wa vyuo vikuu wausoma na kamusi pembeni. Kwa hivyo hujabeba kitu cha kuonea haya. Lakini mwalimu wako naye ana upande wake: mwigizaji yuko pale ili asikike na aeleweke. Ukiingia jukwaani na Kiamu kwa sababu hujui lugha nyingine, huo ni upungufu. Ukiingia nacho kwa sababu yule mama ni mtu wa Shela na hawezi kumwita mwanawe kwa lugha nyingine, hiyo ni kazi ya sanaa. Kwa hivyo jifunze Kiswahili sanifu barabara, kisha uwe na vyote viwili, na kila mara umuulize mwongozaji: huyu mtu ni wa wapi?

Sasa tuitazame ile "ndoo" yenyewe, maana haikuharibika kwa sababu ya neno. Niambie, ulipomwita mikono yako ilikuwa wapi? Mama anayemwita mwana anayeondoka hasimami wima akawatazama watu. Mwili wote wamfuata mtoto: hatua moja mbele, mkono umenyooka, kiganja juu. Hata asiyejua neno atajua ameitwa mtu. Na kwa kuwa mchezo mliuandika wenyewe, mna dawa nyingine rahisi zaidi. Mwanao ajibu, "Siji, mama." Ukumbi mzima umeshafundishwa maana ya ndoo kwa maneno mawili, na mwite tena mara ya pili uone kama kuna atakayecheka. Waandishi wazuri wa michezo hufanya hivyo kila siku. Neno gumu hulipa jirani wa kulieleza.

Kuhusu sauti kutotoka, nikusimulie kosa langu, ili usilirudie. Mwaka mmoja nilikuwa na msichana mwenye sauti ndogo kama yako. Mashindano ya shule yalikuwa yakaribia. Tamasha hilo la maigizo Kenya lina historia ndefu, lilianza 1959, na wakati wake shule nzima huwa na joto. Nami joto likanipanda kichwani. Nikamsimamisha mwisho wa uwanja, mimi nikakaa upande wa pili, nikamwambia piga kelele mpaka nikusikie. Siku tano. Siku ya mashindano aliamka amekauka koo, hana sauti hata ya kuomba maji. Akaingia jukwaani akanong'ona mchezo mzima. Hakunilaumu hata mara moja, na mpaka leo nikikutana naye sokoni namwona yule yule, midomo yaenda na hakuna kinachosikika.

Nilikuja kujua baadaye kwamba kilichokuwa kikipotea hakikuwa kelele. Ilikuwa mwisho wa maneno. Kiswahili kina bahati: kila neno karibu laishia kwa irabu, na irabu ndiyo inayosafiri mpaka nyuma ya ukumbi. Lakini mkazo huja kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, basi mwigizaji asiyeangalia aupiga mkazo, akaangusha silabi ya mwisho. Sema "aende nyumbani" kisha sema "aenda nyumbani". Moja ni amri, moja ni habari. Ukimeza ile e ya mwisho, mtu aliyeketi safu ya kumi hajui kama mama amemfukuza mtoto au amwangalia tu akienda.

Fanya zoezi hili kila asubuhi kabla ya kuoga. Lala chali, weka daftari juu ya tumbo, vuta pumzi mpaka daftari lipande bila mabega kusogea. Kisha sema mstari wako kwa sauti ya kawaida, polepole, ukiishikilia irabu ya mwisho ya kila neno nusu pumzi zaidi kuliko ulivyozoea. Itasikika kama ujinga mwanzoni. Baada ya wiki mbili rudi kwenye mwendo wa kawaida, na irabu zitabaki. Na usinywe maji ya barafu siku ya mchezo.

*

Mwalimu,

Mimi ni kijana wa Malindi, Gredi ya 10. Mjomba wangu ndiye anilipiaye karo. Ameniuliza nikimaliza maigizo nitakula nini. Sikuwa na jibu. Nimjibu nini?

Mjibu kwa adabu na kwa ukweli. Usimwambie utakuwa nyota wa televisheni, maana hujui, na yeye ajua kwamba hujui. Mwambie kuna mahali pa kuendelea kusoma. Chuo Kikuu cha Kenyatta chafundisha sanaa za maonyesho na filamu kwa shahada. Taasisi ya Mawasiliano ya Umma iliyoko Nairobi, iliyoanza 1961, imetoa watayarishaji wengi wa redio na filamu wa nchi hii. Na ukivuka mpaka, Bagamoyo kuna taasisi ya sanaa na utamaduni, TaSUBa, iliyoanza kama Chuo cha Sanaa mwaka 1981, ambako ngoma, maigizo na muziki hufundishwa. Kazi zenyewe ni za aina nyingi: utangazaji, kusoma matangazo na kutia sauti kwenye filamu, uandishi wa vipindi, kushika kamera na kuhariri, mavazi, kupanga hafla, ualimu. Mtu mwenye sauti iliyofunzwa na Kiswahili safi ana mahali pwani hii.

Nyingi za kazi hizo hazina mshahara wa mwisho wa mwezi. Zinakuja kwa mafungu, na mtu huishi kwa kuunganisha mbili tatu. Mjomba asijekusikia hilo kwa mtu mwingine, alisikie kwako. Kisha umwambie jambo moja la sasa hivi, lisilo la miaka kumi ijayo: kwamba likizo hii utamrekodi babu yako, au mvuvi yeyote mzee wa ufuoni ambaye ataridhia, asimulie kisa kimoja mpaka mwisho, na kisa hicho utakiandika kama mchezo wa dakika kumi. Ukimpelekea mjomba zile karatasi kumi na mbili zilizoandikwa na kufutwa na kuandikwa tena, atakuwa na kitu cha kushika mkononi. Watu wa karo hupenda kuona kitu.

Na shika Kiswahili chako na Kiingereza chako. Mwigizaji asiyesoma vizuri husomewa na wengine.

*

Mwalimu mwenzangu,

Nafundisha sekondari upande wa bara, kaunti ya Lamu. Nimesomea Kiswahili na Historia. Mwaka huu nimekabidhiwa Sanaa za Maonyesho na Filamu, wanafunzi 14. Hatuna ukumbi, hatuna taa, kamera ni simu yangu. Wanafunzi ni mchanganyiko, Wabajuni, Wagiriama, Waamu, Wakikuyu, na kila mmoja aonea haya lafudhi yake. Nianzie wapi?

Mwalimu wa Kiswahili

Ndugu yangu, pole, na hongera kwa kuuliza. Ukumbi usikusumbue bado. Kuna mwembe hapo shuleni? Mazoezi yafanyike chini yake kuanzia saa kumi, jua likiwa limelala, na simu yako uiweke imara juu ya dawati usiishike mkononi, ndipo wataanza kujifunza kwamba kamera ni jicho na lina mahali pa kusimama. Lafudhi waachie kila mtu yake kwa muhula wa kwanza. Wakishazoeana ndipo uwafundishe kubadilisha.

Usianze na mchezo mzima. Anza na kipande kidogo wanachokijua wote au wanachoweza kukijua kwa dakika tano. Mimi nilikuwa nikianza na Fumo Liyongo, yule shujaa na mshairi wa visa vya kale vya pwani, na nakuachia zoezi langu lile.

Kisa wakijua: Liyongo yuko gerezani, mamake amletea chakula kwa mkono wa Saada, kijakazi, na walinzi hula kilicho kizuri wakamwachia makapi. Liyongo atunga shairi, Saada alihifadhi bila walinzi kulifahamu, alipeleka kwa mama. Mama aoka mkate wa wishwa, na ndani yake aficha tupa ya kukatia pingu. Walinzi wauona mkate wa makapi, waudharau, waupitisha. Usiku ngoma ya gungu yapigwa kwa kishindo, na chini ya kishindo hicho Liyongo akata minyororo. Muhamadi Kijumwa wa hapa Lamu aliyaandika haya kwa utendi mwaka 1913, nawe waweza kuwasomea beti chache kwanza ili masikio yao yaingie humo.

Kisha chukua wanafunzi wawili tu. Mmoja Saada, mmoja mlinzi. Mlango ni kamba iliyotandazwa ardhini. Mkate ni kitambaa kilichofungwa, na ndani utie kitu kigumu kweli, kijiko au jiwe refu, ili Saada ausikie uzito. Wape sheria moja: hakuna maneno. Saada anatakiwa avuke kamba na mkate, na mlinzi ana ruhusa ya kumzuia akishuku.

Mara ya kwanza Saada atautazama mkate. Wote huutazama. Atautazama au ataukumbatia, na mlinzi atajua pale pale. Usimrekebishe. Waulize waliokaa wameona nini, kisha mbadilishe Saada, aje mwingine. Wa pili atajitahidi asiutazame kabisa, na hilo nalo litamfichua, maana mtu aliyebeba chakula huangalia kisimwagike. Endelea kubadilisha. Wagawie wengine kazi: wawili wapige gungu kwa madawati, mmoja arekodi kwa simu, mmoja aandike kwenye daftari ni wapi jicho la mlinzi lilipokwenda.

Kwangu alikuwa msichana wa saba aliyevuka. Alifika kwenye kamba, akasimama, akaufungua ukingo wa kitambaa mwenyewe kabla ya kuombwa, akamega ganda la kuwazia, akamnyooshea mlinzi ale. Mlinzi akakunja uso, akageuza kichwa. Yeye akaurudishia ukingo wa kitambaa taratibu, akapita.